Gari Lililokwenda Safari

Ilikuwa siku ya Ijumaa, watu wametoka msikitini na wengine bado wamesimama nje wakipeana mikono, aliponijia rafiki yangu wa tangu utotoni, tuliyesoma naye chuoni juu ya jamvi moja. Akanivuta kando akaniambia, "Bwana, mama akuita. Ni habari ya lile gari la baba."

Hakuna mtu wa rika letu aliyekulia Mji wa Kale hapa Mombasa asiyelijua gari lile. Ni Datsun 240Z, gari la mbio la milango miwili na viti viwili tu, boneti yake ndefu na mgongo wake umeteremka mpaka nyuma. Sisi watoto tulikuwa tukirundikwa nyuma ya viti, pahala pa mizigo, tukapelekwa Nyali kupunga upepo, na kila mmoja wetu akajiona mwana wa sultani. Mwenye gari alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alipozeeka, gari nalo likazeeka, likafunikwa turubai uani mwa jamaa yake mmoja, likakaa humo zaidi ya miaka 15.

Mzee huyo alifariki mwaka jana, Mola amrehemu. Wazazi wake walikwisha mtangulia zamani. Aliacha mjane, wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Nyumba ipo, lakini hakuna kati yao atakaye kuiuza. Lililobaki la kugawanywa ni gari.

Wasomaji wetu wanajua utaratibu. Mtu akifa hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Hapa wasia haukuwako, ila palikuwa na deni la shilingi 100,000 kwa mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Mjane, kwa kuwa marehemu aliacha watoto, fungu lake ni thumuni, yaani moja katika manane. Yaliyobaki huenda kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Hesabu ya nyumba hii ilikuwa nyepesi: mama moja, kila binti moja, kila mwana mawili, na jumla ni manane kamili bila kubaki kitu. Lakini gari halikatwi kwa msumeno likagawiwa watu vipande. Ni lazima liwe fedha, na kabla ya kuwa fedha ni lazima mtu aseme lina thamani gani.

Swali hilo ndilo nililoitiwa, na sababu ya kuitwa mimi, na si mtu mwingine, ni kosa langu mwenyewe kama nitakavyoeleza.

MADALALI WAWILI

Dalali wa kwanza alilizunguka gari mara moja, akapiga teke gurudumu, akasema ni chuma chakavu. Akatoa shilingi 180,000. Sidhani kuwa mtu yule alikusudia kudhulumu. Alisema asilolijua kwa sauti ya mtu ajuaye, na hasara ya hilo ni ile ile. Lau wangemkubalia, baada ya kulipa deni mjane angetoka na shilingi 10,000.

Dalali wa pili alikuwa mjuzi zaidi. Hakulipiga gari teke. Alitoa simu yake akawaonyesha warithi picha ya ukurasa wa gazeti wa mwaka 1998. Palikuwa na makala juu ya watu na vitu vya Mji wa Kale, na ndani yake sentensi moja isemayo kwamba gari lile jekundu lilishindana katika Safari ya mwaka 1973. Juu ya makala hayo pana jina la mwandishi, na jina hilo ni langu.

Dalali akasema anaye tajiri wa Nairobi akusanyaye magari ya zamani, atakayetoa shilingi 6,000,000 akipata ushahidi kuwa gari lilishindana. Ushahidi umekwisha andikwa gazetini. Lililobaki ni mwandishi atie saini barua kuthibitisha kuwa aliyasikia kwa mwenyewe na aliona karatasi zake. Pia alikuwa na mtu wake ambaye angempigia simu yule tajiri, ajifanye naye analitaka gari, ili bei isishuke.

Hata ukitoa ujira wa dalali, fungu la mama lingepita laki sita. Nami nilijua maana ya fedha hizo katika nyumba ile. Bi Mkubwa anakaa orofa ya juu, na boriti za dari zimeliwa na mchwa. Masika yakiingia huweka sufuria sebuleni kukinga maji. Binti yake wa mwisho ameachika na ana watoto watatu wa kusomesha.

UZITO WA NENO SAFARI

Kwa vijana wasiojua, mashindano hayo ya magari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakazoeleka wakati wa Pasaka, vumbi likiwa huku na matope kule. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina ile ile, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan wenyewe huko Japani. Magari hayo ya kiwandani yalipakwa rangi nyekundu na boneti nyeusi. Na gari la marehemu nalo, kama tulivyolijua sisi, ni jekundu lenye boneti nyeusi.

Ama bei ya magari ya namna hii huwashangaza watu, lakini ina kanuni zake. Ya kwanza ni uchache. Ferrari 250 GTO yalitengenezwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964, na Agosti 2018 moja lao liliuzwa mnadani huko California kwa dola milioni 48.4. Mercedes 300 SLR ya paa yalikuwa mawili tu duniani, na Mei 2022 moja liliuzwa kwa yuro milioni 135. Datsun 240Z si ya kundi hilo. Yalitengenezwa zaidi ya laki moja tangu mwaka 1969, na lilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa kama dola 3,500, gari la mbio kwa mtu wa mshahara wa kawaida.

Hata hivyo, Januari 2020 gari moja la 240Z la mwaka 1971 liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Bei hiyo imewavuruga watu wengi akili. Gari lile lilikuwa limekwenda maili 21,000 na ushei tu maishani mwake, na lilikuwa karibu kama lilivyotoka dukani. Mtu akiisoma bei hiyo, kisha akafunua turubai juu ya gari lililoliwa na chumvi ya bahari, akasema naye ana dola 310,000, amejidanganya kabla hajamdanganya mwenzake.

Kanuni ya pili ni uasili: je, injini ni yake, bodi ni yake, rangi ni yake? Ya tatu ni hali, na ya nne ni tarikhi yake, yaani nani alilimiliki, lilikwenda wapi, na lilifanya nini. Hii ya nne ndiyo inayoweza kuzidisha bei mara mbili au mara tatu bila kuongeza msumari mmoja. Na kwa kuwa haishikiki kwa mkono, ndiyo nyepesi kuliko zote kutiwa uongo.

SUMAKU NA BISIBISI

Nikawaambia warithi: kabla ya barua na kabla ya tajiri, tumwite fundi. Tukamwita mzee mmoja wa Majengo aliyezeekea katika Datsun. Alikuja na mfuko mdogo. Ndani yake mna tochi, bisibisi, na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu, imefungwa kitambaa isikwaruze rangi.

Kwanza aliinua boneti akasugua kwa kitambaa bamba la chuma linalotenga injini na chumba cha abiria. Namba ya chesisi imepigwa pale. Ikaanza na HS30, na hiyo ni alama ya 240Z ya usukani wa kulia. Ya usukani wa kushoto huanza na HLS30. Kisha akatafuta namba ya injini, ikaanza na L24, injini ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita 2,393. Zote mbili zikalingana na zilizoandikwa katika logbuku. Fundi akatikisa kichwa kwa furaha, kwa maana gari la umri huo lililobaki na moyo wake wa kuzaliwa ni adimu. Giaboksi alisema si yake, imetoka katika Datsun nyingine. Kibao cha namba kilikuwa kile cha zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho.

Kisha akaipitisha sumaku juu ya bodi. Penye chuma, sumaku hung'ang'ania. Penye ile lahamu waiitayo fila, huteleza ikaanguka. Ilianguka mara nne: ubavu wa kushoto nyuma, chini ya milango yote miwili, na pembeni mwa taa. Akaingia chini na bisibisi. Sakafu upande wa abiria ilitoboka kama karatasi. Kitako cha betri kimekwisha kwa asidi. Magari haya chuma chake ni chembamba na hakikukingwa vyema na kutu, na hewa ya Mombasa haimhurumii mtu.

Mwisho akafunua zulia nyuma ya viti, akamulika tochi. Chini ya zulia rangi haikuwa nyekundu. Ilikuwa manjano. Akapapasa sakafu na nguzo za paa akitafuta matundu au viraka vya kuchomea, kwa kuwa gari la mashindano la kiwandani huongezwa vyuma vya kuwalinda waliomo, na viungo vyake huimarishwa. Hakuona hata kimoja. Hakusema neno. Alinitazama mimi tu.

Nikaifungua logbuku nikaisoma kwa makini, kazi ambayo nilipaswa kuifanya mwaka 1998. Gari lilisajiliwa mara ya kwanza Nairobi mwezi wa Agosti 1973 kwa jina la daktari mmoja. Safari ya mwaka ule ilikwisha fanywa Aprili. Januari 1974 likahamishiwa kwa baharia wetu. Sababu ya daktari kuliuza upesi hivyo si vigumu kuikisia: Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, bei ya petroli ikapanda duniani kote, na gari la silinda 6 likageuka mzigo. Baharia alikuwa amerudi na akiba ya miaka mitatu ya baharini, akalipata kwa bei ya kutupa.

NENO LA BI MKUBWA

Tulikuwa bado tumeinamia logbuku hiyo Bi Mkubwa alipotuletea kahawa. Nikamwuliza kwa adabu, "Bi Mkubwa, marehemu hakuwa akisema kuwa gari hili lilikwenda Safari?"

"Alikuwa akisema," akajibu. "Na lilikwenda. Nami nilikuwamo."

Akaingia chumbani akatoka na picha ndogo. Kijana mwembamba amevaa suruali ya bugaluu, ameegemea gari lenye rangi nyeupenyeupe, kama rangi ya manjano inavyotoka katika picha ya zamani. Nyuma ya picha ameandika kwa wino, kwa herufi za Kiarabu: Safari, Aprili 1974.

"Miezi miwili baada ya harusi yetu," akasema Bi Mkubwa. "Tulikwenda kutazama, mwanangu, kama watu wengine. Tulisimama Mackinnon Road pale penye kaburi la Sayyid Baghali, tukaswali, tukala mikate na samaki niliofunga mwenyewe. Halafu tukaenda mbele tukangoja kando ya njia yao. Magari yakatupita yakatumwagia matope mpaka buibui langu lisijulikane rangi. Mwaka ule alishinda Joginder. Hii rangi nyekundu alikuja kuipaka baadaye kabisa, kwa kuyapenda yale magari."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Mzee hakusema uongo siku zote zile. Alisema gari limekwenda Safari, na lilikwenda. Sisi watoto nyuma ya viti tulisikia tulichotaka kusikia, nami nilipokua nikakiandika gazetini nikakitilia na mwaka, kwa kuwa nilijua 1973 Datsun ilishinda.

Na sasa nitaje lile lililo zito zaidi kwangu. Makala yale yalipotoka, marehemu aliyasoma barazani, akacheka mpaka akatoa miwani. Akaniambia, "Umenipandisha cheo, kijana. Rekebisha." Nikamjibu nitarekebisha. Sikurekebisha. Wiki ilipita, mwaka ukapita, na kila tulipokutana niliona haya kulitaja, naye hakunikumbusha tena.

HOJA YA RAFIKI YANGU

Niliposema sitatia saini barua, rafiki yangu hakukasirika. Lau angekasirika ingekuwa rahisi. Alinena kwa upole: "Bwana, uongo huu uliuandika wewe, si sisi. Umeukalia kimya zaidi ya miaka 25. Ukiukalia mwezi mmoja zaidi, wamdhuru nani? Yule ni tajiri. Mama hana dari."

Sikuwa na jibu la haraka, wala sitajifanya hapa kuwa nilikuwa nalo. Nilikumbuka tulivyosomeshwa mimi naye, mlango wa biashara katika fikihi, mwalimu akitueleza habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta juu ni kavu na chini mbichi, na alivyomkemea muuzaji aliyeificha ile ya mvua. Tulisomeshwa pia kwamba kumweka mtu apandishe bei ya kitu asichokusudia kukinunua ni haramu, nako ndiko kunakoitwa najshi. Na tulisomeshwa kuwa mnunuzi akigundua ila iliyokuwako kabla ya kuuziana, ana khiyari ya kurudisha kitu na kudai fedha zake.

Hilo la mwisho ndilo nililomwambia, kwa kuwa lina pande mbili, dini na dunia. Nilimwambia: mtu aliyetoa milioni sita hatalala. Majina ya walioshindana yameandikwa, na magari yao yameandikwa. Atatafuta, hataliona hili. Siku hiyo atarudi kudai fedha zake, na fedha zitakuwa zimekwisha kuwa boriti na karo. Mtamlipa nini? Na deni hilo litakuwa juu ya shingo ya nani, kama si ya mama yenu?

Bi Mkubwa alikuwa akisikiliza. Akasema, "Mimi sitaki kulala chini ya dari la uongo. Mume wangu hakushindana na mtu. Andika hivyo."

Nikaiandika barua kwa yule tajiri. Nikasema: mimi ndiye niliyeandika makala ya 1998, nilikosea, gari hili halikushindana Safari, na huu hapa mwaka wake wa kusajiliwa. Tajiri akajibu kwa maneno machache ya shukrani, akajitoa. Dalali naye akaondoka bila kuaga. Na rafiki yangu, miezi miwili mizima, akawa msikitini husimama safu isiyokuwa yangu.

KARATASI YENYE PANDE MBILI

Katika miezi hiyo tulifanya kazi ya thamani kama inavyopasa kufanywa. Njia yake si siri. Chukua bei ya gari zima la aina ile hapa nchini, si la mnadani Marekani. Toa gharama za kulifikisha liwe zima. Kinachobaki ndicho cha kuombea. Fundi alikisia kuwa 240Z zima lenye injini yake lingeweza kupata shilingi 3,000,000. Sakafu, vizingiti na ubavu ni 650,000. Injini, breki na kabureta zake mbili ni 300,000. Mipira ya milango, vioo na mapambo ya kuagiza nje ni 250,000. Jumla ya kutoa ni 1,200,000, ikabaki 1,800,000. Tukaandika 1,900,000 ili pawe na nafasi ya kupatana.

Watu wakatushauri tulipake rangi ling'are. Fundi akakataa, nami nikamwunga mkono. Rangi mpya juu ya kutu ni kama uturi juu ya jasho, na mjuzi akiiona huuliza unaficha nini. Tulilisafisha kwa maji tu.

Kisha nikaandika karatasi moja. Upande wa kwanza mazuri yake: namba zinalingana, wamiliki wawili tu tangu mwanzo, logbuku ipo, kibao cha namba ni cha zamani, rangi ya asili manjano. Upande wa pili ila zake, moja moja kwa namba, jumla 9, na picha ya kila tundu la kutu. Warithi wote walikwisha pata hati ya Mahakama ya Kadhi ya kusimamia mirathi, nayo tukaitaja, kwa kuwa mnunuzi wa mali ya marehemu ana haki ya kujua kuwa anauziwa na wenye idhini.

Mwezi wa tatu akaja mtu kutoka Nairobi, hana suti wala dalali, sumaku yake mwenyewe mfukoni. Alitumia saa tatu chini ya gari na karatasi yetu mkononi, akitia alama kila ila aliyoiona. Zikafika 9. Akatoka akifuta mikono. Ndipo rafiki yangu, aliyekuwa amesimama mbali asiseme na mtu, akasogea.

"Kuna moja haikuandikwa," akasema. "Mimi ndiye niliyeliendesha mwisho. Gia ya tatu huchomoka ukiachia mafuta ghafla. Hawa hawakujua."

Yule mtu akamtazama, akaiandika mwenyewe chini ya zile 9. Wakapatana shilingi 1,700,000. Walipeana mikono, na hakuna aliyetoka pale hali ana kinyongo na mwenzake. Fedha zikaingia benki kwanza, zikathibitishwa, ndipo akapewa ufunguo na logbuku, na uhamisho wa jina ukafanywa siku hiyo hiyo kwa mtandao wa serikali. Nashauri kila muuzaji afuate mfuatano huo na asiukiuke kwa sababu ya haya.

Deni likalipwa, zikabaki 1,600,000. Mama akapata 200,000, kila binti 200,000, kila mwana 400,000. Fungu la mama halikutosha kwa dari lote. Wanawe wawili wakaongeza katika mafungu yao, na hilo halikuwa sharti la sheria, lilikuwa wema wao. Chumba cha kulala kimekwisha. Sebule bado yasubiri, na masika yaliyopita sufuria ilikuwa pale pale.

Kwa hiyo sitawaambia wasomaji wangu kuwa ukweli ulilipa zaidi ya uongo. Haukulipa. Milioni sita na milioni moja na laki saba si sawa, na Bi Mkubwa anaijua tofauti yake kila mvua inyeshapo. Nawaambia tu kwamba fedha zilizoingia katika nyumba ile hakuna atakayekuja kugonga mlango kuzidai.

Kabla ya gari kupandishwa lori, yule mnunuzi aliiomba ile picha ya 1974 akaitolee nakala, aiweke pamoja na logbuku. Alisema atalirudisha katika rangi ya manjano. Bi Mkubwa akamjibu, "Ukilimaliza, pita nalo hapa nilione."

Ijumaa iliyofuata rafiki yangu alikuja akasimama kando yangu safuni.

Nami natimiza leo ahadi niliyompa marehemu. Msomaji uliyesoma makala yangu ya mwaka 1998, futa sentensi ile. Gari lile halikushindana Safari. Lilikwenda kuitazama, Pasaka ya mwaka 1974, likiwa na maarusi wawili na kapu la mikate. Na kwa kuwa ukurasa huu umezoea kufungwa kwa ubeti, ubeti wenyewe ni huu:

Gari si bati na rangi, gari ni yake habari,
Walisifuo ni wengi, wachache wajua siri,
Usitake mali nyingi kwa kuificha dosari,
Taja ila kwa dhahiri, na bei itakujia.